Kipepeo wetu, elimu yao

Muhula uliopita, kwenye ile karamu ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, tuliambiwa kila mmoja asimame aseme jina lake, anakotoka na anachosoma. Mmoja sheria, mwingine uhasibu, wa tatu udaktari, wa nne uhandisi. Kila mtu akapigiwa makofi. Zamu yangu ikafika. Nikasema natoka pwani ya Kenya, upande wa Gede, nasoma elimu ya wanyama, na tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ni juu ya vipepeo. Makofi sikuyasikia. Nilichosikia ni kicheko, na sauti kutoka meza ya nyuma: "Yaani mzee ameuza shamba ili uje Ulaya kukimbiza vipepeo?"

Nikacheka na mimi. Ungefanyaje? Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu swali lenyewe si geni kwangu. Baba ameniuliza, kwa upole. Mjomba ameniuliza, bila upole. Hata rafiki zangu wa hapa Liverpool huniuliza kwa macho tu. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu nijibu mara moja, tena kwa maandishi.

Kipepeo ninayemsema jina lake la kitaalamu ni Papilio dardanus. Ni kipepeo wa msituni. Anapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu Afrika Mashariki, anateremka hadi Afrika Kusini, na yuko pia Komoro na Madagaska. Dume ni rahisi kumtambua: ana rangi ya manjano hafifu kama maziwa ya mtindi, mabaka meusi pembeni, na mikia miwili nyuma ya mabawa. Akipita kwenye uwazi wa msitu utadhani mtu amerusha leso hewani. Jike ndiye mwenye mambo. Huku kwetu bara, jike kwa kawaida hana mikia, na hana sura moja. Mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine ana rangi ya machungwa, mwingine ni mweusi mwenye madoa. Ukiwaweka pamoja utaapa kwamba ni vipepeo wa makabila matatu tofauti.

Sasa nimlete shangazi yangu. Shangazi anakaa kijiji kimoja kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huo una kilomita za mraba kama 420, na ni mabaki makubwa ya msitu wa pwani uliokuwa umetanda zamani. Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gede Mradi wa Kipepeo. Wazo lake lilikuwa rahisi: watu wanaoishi kando ya msitu walikuwa wanauona kama ardhi iliyokaa bure na makao ya tembo wanaowalia mahindi. Basi na wapate chochote kutoka humo bila kukata mti. Mkulima anaingia msituni na wavu, anakamata vipepeo majike, anawaweka kwenye kizimba cha chandarua pamoja na miti wanayotagia. Mayai yakianguliwa, viwavi wanalishwa majani mpaka wageuke kuwa pupa. Pupa zinanunuliwa na mradi, zinafungwa kwenye masanduku na pamba, zinapandishwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio watazame vipepeo wakiruka.

Neno pupa linanichekesha kila siku. Kwa Kiswahili chetu pupa ni haraka yenye tamaa, na wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kumbe na pupa hii ya mdudu ina haraka yake. Ikishakuwa tayari haingoji mtu. Zina siku chache tu za kusafiri kabla kipepeo hajatoka.

Shangazi amefuga vipepeo hawa miaka mingi. Hakumaliza darasa la nane, lakini muulize habari za kiwavi wa dardanus. Atakwambia kwamba akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege ili asiliwe, akikua anageuka kijani kama jani. Ukimgusa, anatoa kitu kama pembe mbili laini kisogoni, kina harufu kali. Atakwambia anakula majani ya miti gani ya jamii ya ndimu na gani hali hata akifa njaa. Hayo hakuyasoma. Ameyaona kwa macho yake, asubuhi na jioni.

Lakini kuna jambo moja lilimsumbua. Alikuwa akimweka jike mmoja peke yake kizimbani, anataga, anamtoa. Wale pupa aliowabakiza kwa ajili ya mbegu walipotoka, majike hawakufanana na mama yao, wala wenyewe kwa wenyewe. "Mama mmoja, kizimba kimoja, mbona watoto wengine wana sura ya jirani?" Aliposema hivyo nyumbani sote tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Aliamini kwamba jirani yake, mama mwenzake wa kikundi, alikuwa anamchanganyia mayai kwenye vizimba ili amharibie kazi. Walinuniana msimu mzima. Hawakusaidiana maji, hawakwenda kuzikiana.

Ndugu zangu, jibu la swali la shangazi lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alichapisha hapa Uingereza hoja kwamba hao vipepeo walioitwa aina mbalimbali ni majike wa kipepeo mmoja, na kwamba kila sura inaiga kipepeo mwingine mwenye sumu ambaye ndege hawamtaki. Wakubwa wa elimu hiyo huku walimbeza. Baadaye mayai na viwavi wakafugwa, na ikathibitika kwamba alisema kweli. Mwaka 1924 Edward Poulton wa Oxford aliandika katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda makala ambayo kichwa chake kilimwita dardanus kipepeo wa kuvutia kuliko wote duniani. Duniani, jamani! Si Kilifi, si Afrika.

Halafu ikaja zamu ya mji huu tunaokaa. Miaka ya 1950 daktari mmoja wa hapa Liverpool, Cyril Clarke, alikuwa anafuga vipepeo kwa mapenzi yake. Akaungana na Philip Sheppard, mtaalamu wa urithi wa viumbe. Waliletewa dardanus kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakawapandanisha, wakahesabu watoto, vizazi na vizazi. Walichokipata ndicho jibu la shangazi. Sura ya jike inaamuliwa na sehemu moja ya urithi yenye matoleo mengi, na matoleo hayo yana ukubwa na udogo: mengine yana nguvu ya kujitokeza, mengine yanajificha chini ya mwenzake. Na dume naye amebeba matoleo hayo hayo, ila kwake hayaonekani. Yeye siku zote ni manjano na mikia. Kwa hiyo binti anaweza kumrithi bibi yake mzaa baba, sura ambayo baba ameibeba kimya kimya. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba sehemu hiyo iko kwenye eneo la jeni inayoitwa engrailed.

Na kwa nini sura ni nyingi, isiwe moja? Fikiria mtu anayevaa sare ya askari ili asisumbuliwe njiani. Akiwa mmoja, anapita. Wakiwa mia, watu watashtuka. Kipepeo asiye na sumu anayeiga mwenye sumu anafaidika akiwa mchache kuliko yule anayemwiga. Wakizidi, ndege watajifunza kwamba nguo hiyo ni ya uongo. Kwa hiyo kuwa na nguo nyingi tofauti ni usalama wa wote.

Habari haikuishia kwa vipepeo. Clarke aliona kwamba jinsi urithi wa sura za vipepeo ulivyofungamana ilifanana na urithi wa kundi la damu la Rh kwa binadamu, na akaanza kushughulika na ugonjwa unaowapata watoto wachanga pale mama ana Rh hasi na mtoto ana Rh chanya. Damu ya mtoto wa kwanza ikiingia kwa mama wakati wa kuzaa, mwili wa mama unajifunza kuishambulia, na mtoto anayefuata ndiye anayeumia. Yeye, Ronald Finn na wenzao wa hapa Liverpool, na wakati huo huo kundi lingine huko Marekani, walipata dawa: mama achomwe sindano ya kingamwili za kuondoa damu ya mtoto kabla mwili wake haujajifunza. Sindano hiyo ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1980 Clarke, Finn na wale wa Marekani walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Lasker. Naomba nieleweke, sisemi kipepeo ndiye dawa. Nasema mtu aliyezoea kufikiri kwa kumtazama mdudu wetu ndiye aliyeuliza swali sahihi wodini. Mwenzetu wa udaktari aliyecheka siku ile, mwalimu wako atakufundisha sindano hiyo, na sijui kama atakutajia dardanus.

Mimi niliisoma makala ya Clarke na Sheppard mwaka jana, hapa hapa, kwenye maktaba ambayo sote tunaingia. Niliposhika ile michoro ya vizazi, mama huyu, mabinti hawa, nilimwona shangazi. Jioni ile nikamtumia ujumbe wa sauti mrefu, nikamweleza kwa Kiswahili na Kigiriama kidogo. Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akanijibu maneno machache: "Basi imenibidi nikamwombe radhi mwenzangu. Na nyinyi mlijua tangu lini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mlijua tangu lini? Shangazi, tulijua tangu 1960 na ushei, ila hakuna aliyekuja kukwambia.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tunapenda kulalamika kwamba wazungu walichukua dhahabu, pembe na almasi. Sawa. Lakini maarifa si kama pembe. Clarke alipojua siri ya dardanus, hakuna kilichopungua msituni. Maarifa yamebaki yote, yako kwenye rafu. Kilichokosekana ni mtu wa kuyarudisha nyumbani kwa lugha inayoeleweka. Na mtu huyo si Mwingereza. Yeye hajui kwamba kuna mama wawili wamenuniana kwa sababu ya jambo ambalo lina jibu. Mtu huyo ni mimi na wewe, tunaosimama katikati, tuna kadi ya maktaba mkono mmoja na namba ya simu ya shangazi mkono mwingine.

Najua wapo watakaosema elimu haina kabila, mwache anayependa vipepeo awachunguze, awe Mwingereza au Mgiriama. Nakubali nusu. Trimen na Clarke hawakumdhulumu mtu kwa kumjua dardanus. Lakini elimu isiyo na kabila ina njia zake, na njia hizo hadi leo zinakwenda upande mmoja. Pupa zinatoka Gede zinakuja huku. Nilipokwenda kuwatazama kwenye nyumba moja ya vioo hapa Uingereza, nikamkuta dardanus dume ametua kwenye ganda la chungwa, watoto wanampiga picha. Kibao kimeandika jina lake la Kilatini na neno moja: Afrika. Sikukasirika. Nilisikitika tu kwamba kule kizimbani kwa shangazi hakuna hata kibao hicho kimoja.

Wengine watasema, kama yule wa meza ya nyuma, kwamba nyumbani kuna shida kubwa kuliko wadudu. Njaa ipo, ajira hakuna, wewe unasema vipepeo. Kwa shangazi, ndugu yangu, kipepeo ndiye ajira. Kawalipia wanawe karo. Mwaka 2020 korona ilipofunga nyumba za maonyesho na kupunguza ndege, pupa zake hazikuwa na pa kwenda. Alikaa barazani akatazama vipepeo wakitoka kwenye trei na kuruka zao. Alisema ni siku nzuri kuliko zote kwa macho na mbaya kuliko zote kwa mfuko. Na mwaka ule, kipato kilipokatika, ndipo alipoanza tena kusikia watu wakizungumza habari za kwenda kuchoma makaa.

Tazama na jirani zetu wa Tanzania. Milima ya Usambara Mashariki, huko Amani, wakulima nao walifuga vipepeo na kuuza pupa nje, wengi wao wanawake. Watanzania hawajasahau wale twiga waliopandishwa ndege mwaka 2010. Hasira ya mambo kama hayo ilikuwa ya haki kabisa. Lakini Machi 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai, marufuku ile iliwakumba twiga na vipepeo kwa pamoja. Mdudu aliyezaliwa kizimbani, ambaye mama yake alitaga mayai kwa makumi, akahesabiwa sawasawa na twiga aliyeibwa porini. Juni 2022 ilitangazwa kwamba biashara ingefunguliwa kwa muda wa miezi sita, na tangazo lenyewe likasitishwa upesi. Sidhani kwamba aliyeandika marufuku ile aliwachukia mama wa Amani. Nadhani hakuna aliyekaa naye akamweleza tofauti.

Sasa mwenzangu wa sheria, umeona kazi yako? Sheria inayotenganisha mnyama aliyefugwa na aliyeibwa inahitaji wakili anayejua kiwavi anakula nini. Mwenzangu wa uhasibu, kikundi cha shangazi kinahitaji mtu wa kukionyesha kwamba kutegemea soko moja la ng'ambo ni hatari, na kukisaidia kuweka akiba ya mwaka mbaya. Mwenzangu wa uhandisi, chombo rahisi cha kuweka pupa baridi siku chache zaidi kingeokoa mzigo ndege ikichelewa. Sikutaki uache unachosoma ukimbize vipepeo pamoja nami. Nataka usicheke.

Na nina ombi moja kwa kamati ya chama. Kila mwaka wanachama wetu wanaandika tasnifu za mwaka wa mwisho, na nyingi zinahusu nyumbani: maji ya kisima, mikopo ya akina mama, malaria, udongo, muziki. Tunaziandika kwa Kiingereza, tunapewa alama, tunapiga picha na majoho, zinaingia kabatini. Naomba tukubaliane kwamba kila anayeandika juu ya watu wa nyumbani aandike pia kurasa mbili, mbili tu, kwa Kiswahili au kwa lugha ya hao aliowaandika, aeleze alichokipata, na azifikishe kwao. Ziwe za kueleweka na mtu wa darasa la saba. Kazi ya jioni moja. Asiyeweza kuueleza utafiti wake kwa shangazi yake, labda hata yeye mwenyewe hajauelewa.

Sitaki nionekane nahubiri halafu nakaa. Kurasa zangu mbili juu ya dardanus nimeshaanza. Nimegundua kwamba ni ngumu kuliko tasnifu nzima, maana nusu ya maneno niliyofundishwa hapa sina Kiswahili chake, na shangazi ndiye ananisahihisha. Nikisema "matoleo ya urithi" anauliza, kwa nini usiseme tu damu ya upande wa baba? Nikasema si sahihi kabisa. Akasema, basi tafuta neno lililo sahihi, ndiyo kazi uliyotumwa. Nitazileta kwenye mkutano ujao, tuzisome pamoja na tuzikosoe.

Na kaka yangu wa meza ya nyuma, nimekujibu kwa maneno mengi, unisamehe. Jibu fupi ni hili: shamba mzee hakuuza. Sehemu ya nauli yangu ilitoka kizimbani kwa shangazi, pupa moja moja. Kwa hiyo sikuja kukimbiza vipepeo. Vipepeo ndio walionileta.